Sifuri Hadi Kumi

Mlio ulianza sikio la kushoto, katika msimu wa tano wa Emerensiana kwenye kinu cha kahawa, na mwanzoni alidhani ni mbu. Akajipiga kofi. Mbu hakufa. Akajipiga tena mpaka shavu likawaka, na Kunigunda aliyekaa pembeni yake akacheka, akamwuliza kwa vidole: yuko wapi huyo mbu? Ndani ya kinu kile watu walizungumza kwa mikono tu. Mashine ikishaanza kukoboa, hata ukimpigia mwenzako kelele sikioni hakusikii. Maji uliomba kwa kukunja kiganja. Gunia lililojaa ulilisema kwa kidole kimoja, mawili kwa viwili, na ukinyoosha vidole vyote kumi maana yake kazi ya asubuhi imekwisha, twende tukale.

Kinu kilikuwa cha tajiri mmoja aliyekuja na soko huria. Zamani kahawa yote ilipelekwa chama cha ushirika, mtu akapewa stakabadhi akasubiri. Serikali ilipofungua milango, kila mwenye mizani akawa mnunuzi, na tajiri huyo akachukua ghala la zamani pale Mbinga mjini, akafunga ndani yake mashine ya mtumba iliyokuwa ikitikisika kama inataka kutoka nje. Wanawake waliketi chini yake kwenye mabenchi, wakichambua: punje nyeusi huku, zilizovunjika huku, kokoto chini. Emerensiana alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote. Miezi ya msimu yeye na Kunigunda walipanga chumba kimoja Mbinga, na msimu ukiisha walirudi kwao Kigonsera kulima mahindi.

Msimu mmoja walichana godoro bovu, wakajaza pamba masikioni. Msimamizi akawapitia mmoja mmoja akaitoa kwa kidole chake mwenyewe. "Nikiwaita mtanisikiaje?" alisema. Walijua alichosema kwa kumtazama mdomo.

Emerensiana alifanya kazi pale misimu tisa. Alipoacha, mashine aliiacha Mbinga lakini kelele yake alirudi nayo nyumbani. Ilikuwa nyembamba, kama nyenje wa mwezi wa pili, ila nyenje hunyamaza jua likizama. Huyu alilia wakati anapepeta mahindi, wakati anasali, wakati anameza mate.

Na kilichomuuma zaidi kilikuwa kwaya. Tangu akiwa msichana, Emerensiana ndiye aliyeanzisha nyimbo parokiani. Hakuna kinanda wala filimbi: wenzake walimtazama yeye, yeye akafumba macho kidogo, akaitafuta sauti, akaitoa, na kwaya nzima ikaingia nyuma yake kama ng'ombe wanaolijua zizi lao. Sasa nyenje alikuwa na sauti yake, ya juu kidogo kuliko inavyotakiwa, na ilimvuta. Siku ya Pentekoste alianzisha wimbo juu mno hata wasichana wa sauti ya kwanza wakakwaruza koo, wawili wakanyamaza kabisa, na Padre akageuza shingo kutoka altareni. Jumapili iliyofuata Emerensiana alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wote wakajifanya hawakuona.

Alijaribu mafuta ya uvuguvugu. Alijaribu kitunguu kilichobanikwa. Hospitalini walimmulika wakamwambia, "Masikio yako safi kabisa, mama," kama vile wanampongeza.

Basi mwaka 2004, mwezi wa tano, Padre alisoma tangazo baada ya misa. Daktari wa kizungu amefika kwenye zahanati ya masista kule ziwani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Liuli. Anatafuta watu ishirini wenye mlio masikioni, waliopata mlio huo kwa sababu ya mashine. Anayo tiba mpya, haina sindano wala kisu. Chakula na mahali pa kulala ni bure, siku kumi na mbili.

Kunigunda alimgusa bega kutoka nyuma. "Dada, hao ni sisi."

"Ni sisi," alisema Emerensiana.

Walipanda lori la mahindi hadi Mbamba Bay, wakishikilia kamba kwenye kona za milimani, kisha wakachukua boti ya injini kwenda Liuli, na kilichobaki wakatembea. Zahanati ilikuwa na nyumba nne zenye mabati mekundu, juu kidogo ya ufuko. Chini yake usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani, walikuwa wametandazwa juani juu ya nyavu kuukuu. Daktari Edmund alikuwa mrefu, ngozi ya pua imembanduka kwa jua, na alipowaona wanakuja alishuka mwenyewe njiani akampokea Emerensiana mfuko wake. Emerensiana alikataa kuuachia. Wakavutana kidogo. Mwishowe mzungu akashinda, akaubeba begani, na Emerensiana akamfuata nyuma kwa aibu kubwa, maana ndani mlikuwa na viatu vyenye matope na nusu debe la maharage aliyoleta zawadi.

Mkalimani alikuwa mganga msaidizi Clemence, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku na serikali, mwenye kusema haraka kama anayefukuzwa. Aliwakusanya barazani akawasomea karatasi. Wengine walisinzia. Emerensiana alisoma shule ya msingi ya masista, na alipenda kujua kila kilichoandikwa. Aliiomba ile karatasi akaipitia mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari.

Karatasi ilisema hivi. Sikio likiumizwa na kelele, kipande chake hufa. Ubongo hukitafuta kile kipande, haukipati, basi hujitungia sauti wenyewe, na huo ndio mlio. Mashine hii ina sumaku inayoendeshwa kwa umeme. Nguvu yake hupita kwenye fuvu bila kutoboa ngozi, ikaenda kuituliza ile sehemu ya ubongo inayojitungia. Nafuu haikai milele. Baada ya wiki kadhaa mlio waweza kurudi. Halafu ikasema kuna kichwa cha mashine cha kweli na kingine cha bandia, vinafanana na vinalia sawasawa. Watu kumi watawekewa kile, kumi kile, na hata daktari hajui nani kapata kipi. Majina yamo ndani ya bahasha iliyofungwa, kabatini kwa Sista Mkuu. Mwisho wakaandika: ikionekana ya kweli inasaidia kuliko ya bandia, mashine itabaki hapa zahanati, na wagonjwa watarudi kila baada ya miezi mitatu. Isipoonekana, itarudishwa ilikotoka.

Pale kwenye bandia Emerensiana alisimamisha kidole. Hakuna mtu anayevuka bahari na mashine ya uongo, alijiambia. Bila shaka aliyetafsiri kakosea. Lakini mstari wa mwisho aliuelewa barabara, akausoma mara mbili.

Asubuhi yake waliulizwa namba. Sifuri ni kimya, kumi ni kelele isiyovumilika. Wote walisema tisa au kumi, na walisema kweli.

Zamu ya Emerensiana ilipofika alikalishwa kwenye kiti kama cha kinyozi. Daktari alimpa vidude viwili laini vya sponji, rangi ya chungwa, vidogo kama punje za mahindi mabichi.

"Weka masikioni," alisema Clemence. "Mashine inapiga kelele. Daktari hataki ikuumize."

Emerensiana alivitazama kiganjani. Misimu tisa. Vilikuwa vidogo namna ile, vyepesi, mtu angeweza kujaza kopo zima. Alivifinya akavitia, na dunia ikarudi nyuma hatua mbili, akabaki yeye na nyenje wake.

Kichwa cha mashine kilikuwa kama sahani mbili za chai zilizounganishwa pembeni. Kikawekwa juu ya sikio la kushoto, na kikaanza: tak, tak, tak, pigo moja kila sekunde. Alihisi kama kifaranga anamdonoa juu ya mfupa. Ilidumu dakika ishirini, kisha akapewa chai ya maziwa na maandazi mawili.

Siku ya pili, mchana, walikuwa barazani wanakula ugali kwa usipa, Kunigunda akaja amebeba sahani yake na habari.

"Mmesikia alivyojibiwa daktari?"

"Na nani?"

"Si huyu Mzee Raimundi. Kaulizwa namba, kasema, 'Tisa. Jana tisa, leo tisa. Mashine yako inanigonga tu.'"

"Na daktari?"

"Akaandika. Akasema asante."

Raimundi alikuwa Mnyasa wa hapohapo ufukweni, Mwanglikana, aliyeendesha mashine ya kusaga unga kwa miaka mingi. Aliendelea kutafuna.

Emerensiana aliweka tonge chini. "Mzee Raimundi."

"Naam, shemeji." Wanawake wote wa milimani aliwaita shemeji, bila ndoa yoyote.

"Hivi kweli unamjibu mgeni hivyo? Mtu kaacha mke na watoto, anakubebea mpaka mfuko wako, wewe unamjibu kama unamjibu karani wa kinu?"

"Kaniuliza namba, nimempa namba. Angetaka sifa, angeniomba sifa."

Watu wakacheka.

"Ninyi watu wa ziwani mnaongea kama mnafukuza kunguru kwenye dagaa."

"Na ninyi watu wa milimani," alisema Raimundi, akichagua usipa mmoja mnono, "mna heshima mpaka kahawa yenu inaondoka bure, mnabaki kuliaga lori kwa mikono miwili."

Wakacheka zaidi, na neno hilo likamchoma Emerensiana, kwa sababu lori hilo alilijua. Mwaka wa kwanza wa soko huria wanunuzi walifika mpaka mlangoni kwake, akawachinjia jogoo. Mwaka wa pili jirani yake alimlalamikia mnunuzi mmoja mbele ya watu kwamba mizani yake inakula kilo. Yule bwana hakubisha. Alikunja mizani yake, akaondoka, wala hakupita tena upande ule, na hakuna mwingine aliyepita. Kahawa ya kitongoji kizima ikalala ndani mpaka ikashika ukungu. Tangu hapo Emerensiana alijua namna ya kukaa na mgeni mwenye kitu unachokihitaji.

"Haya, chekeni," alisema. "Lakini karatasi mliisikia? Isipofaa inapakiwa. Leo akisikia tisa, kesho tisa, keshokutwa tisa, atakaa hapa afanye nini? Avue dagaa? Mvunjeni moyo tu, aondoke, halafu masikio yenu mtampelekea nani?"

Mtu mmoja wa mwishoni, aliyewahi kuwa mpasua mbao, akasema, "Mama anasema kweli."

"Na hata kwa adabu tu," alisema Kunigunda. "Mtu anakupa chai na maandazi mawili, unamwambiaje haijasaidia? Mimi kesho nasema nne."

"Usishuke ghafla, atashangaa," alisema Emerensiana. "Sema saba. Keshokutwa sita. Twende naye polepole."

Wakapangana pale, nani aseme ngapi na lini, kama watu wanavyopangana kupika msibani. Raimundi alifuta vidole kwenye ukingo wa sahani.

"Haya, mama mwenyekiti," alisema. "Kesho nami nimeshaanza kupata nafuu. Kwaya ya Waroma imepata sauti ya nne."

Siku zikaenda, na namba zikashuka vizuri. Daktari Edmund alianza kutembea haraka. Alijifunza kusema "Mungu ni mwema," na kila alipoisema alipigiwa vigelegele.

Siku ya sita, baada ya zamu yake, Emerensiana alishuka ziwani kufua. Alikuwa amelowesha kitenge, akakikamua, na hapo akasikia maji yanarudi nyuma kati ya kokoto. Si wimbi, wimbi alilisikia siku zote. Alisikia ule mnyonyo mdogo wa maji yanapoondoka, na kokoto moja inayoviringika ikagota nyingine. Akasikia kuku anaparura nyuma ya jiko la masista. Akasimama, kitenge kinamchuruzikia miguuni. Kuna kitu kilikosekana, na hakukijua mara moja, kama mtu aliyeishi miaka na mgeni asiyeaga, akaingia chumbani asubuhi moja akakuta mkeka umekunjwa.

Nyenje hakuwepo.

Alifumba macho kidogo, akaitafuta sauti, akaitoa, ndogo tu, ya kumwanzishia mtu mmoja. Ikakaa pale alipoiweka. Haikuvutwa popote.

Alipanda mbio, maji yanamtoka machoni, akamkuta Kunigunda anachambua mchele. "Kimya!" alimwambia. "Kunigunda, kimya kabisa! Nasikia mpaka mchele wako!"

"Mungu mkubwa, dada," alisema Kunigunda.

"Na wewe?"

"Na mimi vilevile," alisema Kunigunda, akainamia ungo. Kwa furaha aliyokuwa nayo, Emerensiana hakumtazama uso.

Siku ya kumi waliulizwa mara ya mwisho. Kesho yake asubuhi wote wakaketi barazani, Sista Mkuu akaleta bahasha, daktari akaifungua mbele yao, akaingia ndani na makaratasi yake. Alikaa muda mrefu. Kupitia dirishani Emerensiana alimwona anapiga hesabu, anaisahihisha, anaipiga tena, kisha anavua miwani na kukaa nayo mkononi.

Alipotoka alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa la mtu anayewaaga wafiwa. Akasema, na Clemence akafuata.

"Anasema, watu kumi waliwekewa sumaku ya kweli. Walianza kwenye tisa, wameishia kwenye mbili. Watu kumi waliwekewa ya bandia, ambayo haina nguvu yoyote, inalia tu. Walianza kwenye tisa..." Clemence akapumua. "Wameishia kwenye mbili. Anasema, basi siyo sumaku. Mmepona kwa kupumzika, kwa kula vizuri, kwa kutunzwa, kwa kuwa na matumaini. Anafurahi sana kwa ajili yenu. Ila mashine yenyewe haina kazi. Kesho inapakiwa."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa daktari amesema anafurahi. Emerensiana naye alipiga, mara tatu, mara nne, kisha mikono yake ikabaki imeachana hewani.

Akasimama. "Mimi nilikuwa kundi gani?"

Clemence akaangalia orodha. "La kwanza. Ya kweli."

"Na Kunigunda?"

"La pili."

Emerensiana akageuka. "Kunigunda. Simama umwambie daktari mlio wako ni namba ngapi."

Kunigunda alisimama nusu, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Akamtazama daktari, na daktari akamtabasamia.

"Mbili," alisema.

"Kunigunda!"

"Dada, mbele za watu?" alisema kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti ya kusikika, "Nimesema mbili. Mungu ambariki daktari."

"Mzee Raimundi, basi. Wewe sema. Wewe huna aibu, sema!"

Raimundi alikuwa ameegemea nguzo. "Nilisema," alijibu. "Siku ya pili nilisema, nikaitwa mfukuza kunguru. Sasa nimepona, shemeji. Nimepona kabisa. Niandikieni sifuri." Na safari hii hakuna aliyecheka.

Emerensiana alimwendea daktari mwenyewe, akasimama karibu kuliko inavyofaa. "Tulikudanganya," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Nilidhani tukisema haifai utaondoka. Mimi imenisaidia kweli. Wao hapana. Namba zao ni za adabu tu."

Clemence alisita, macho yakaenda kwa Sista Mkuu. Kisha akatafsiri yote, polepole kwa mara ya kwanza tangu wamjue. Daktari alisikiliza. Akamshika Emerensiana mikono yote miwili, akaongea naye kwa upole mkubwa.

"Anasema wewe ni mama mwenye moyo mzuri," alisema Clemence. "Anajua unataka mashine ibaki, kwa ajili ya wenzako. Lakini namba hizi zimeulizwa siku kumi, watu ishirini, kila mtu peke yake. Hawezi kuzifuta kwa neno la mtu mmoja."

"Mwambie mimi imenisaidia!"

"Nimemwambia. Anasema anakuamini. Anasema na wale wa bandia nao wanasema vivyo hivyo."

Alitafuta mahali pa kumkasirikia yule mtu akapakosa. Alikuwa amesema sawa. Angekuwa yeye, angesema hivyohivyo.

Kesho yake mashine ilitiwa kwenye masanduku mawili ya mbao na majani makavu. Raimundi ndiye aliyesaidia kunyanyua, maana alijua kubeba mashine. Kunigunda na wenzake walimwimbia daktari wimbo wa kuaga, ambao hakuna aliyeuanzisha vizuri, na gari la masista lilipopanda naye kilima wakalipungia. Kwa mikono miwili.

Njia nzima ya kurudi Kigonsera, Emerensiana na Kunigunda walizungumza habari za mvua.

Jumapili mbili Emerensiana alikaa na kwaya. Aliitafuta sauti, akaitoa, wenzake wakaingia, na mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono nje. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo wa Mtakatifu, aliusikia mlio kwa mbali, mwembamba, kama mtu anayepiga mluzi upande wa pili wa bonde, anakuja bila haraka kwa sababu anaijua njia. Alimaliza ubeti. Wimbo wa komunyo hakuuanzisha. Alitoka kwenye safu, akapita kati ya mabenchi mbele ya macho ya watu, akaenda kuketi mahali pake karibu na mlango.

Vile vidude vya sponji alikuwa amevihifadhi kwenye kiberiti kitupu. Siku moja alivitoa akavitia masikioni, basi tu, kujaribu. Kuku walinyamaza, watoto wa jirani walinyamaza, na nyenje akabaki amefungiwa ndani pamoja naye. Akavitoa, akavirudisha kwenye kiberiti.

Tangu hapo akaanza lile jambo ambalo watu wa Kigonsera wanalijua.

"Shikamoo, Mama Emerensiana. Habari za asubuhi?"

"Marahaba. Nane."

Mwanzoni waliuliza, nane nini? Akawaeleza, yote, kuanzia kinuni, amesimama na jembe begani. Aliyemsalimia akachelewa shambani. Padre alimwuliza habari za siku nyingi akajibiwa tisa. Mwenyekiti wa kijiji akajibiwa saba, akasema, "Saba si mbaya, mama," akaambiwa, "Njoo uibebe kesho, uone." Polepole watu wakajifunza kumpungia mkono wakiwa mbali, au kumwamkia na kupita upesi kabla hawajafika kwenye habari. Walisema amekuwa mkali tangu arudi kutoka ziwani. Walisema uzee umemjia na ukali. Yeye hakuwajibu. Hakuna aliyemwuliza hilo kwa namba.

Kunigunda msimu uliofuata alirudi kinuni, kwa kuwa nyumba yake ilihitaji paa. Aliporudi alikuwa anageuza shingo nzima ukimwita, kama kuku. Mwaka mzima walipishana njiani kutoka kanisani, wanasalimiana vizuri, nzuri kwa upande mmoja na namba kwa upande mwingine, na siku ile ya barazani haikutajwa.

Jumapili moja ya kiangazi walikutana pale njia inapopanda kwenye mashamba ya kahawa. Watu walikuwa wengi, wake wa makatekista, wanakwaya, kila mtu na kitenge chake kizuri.

"Habari za leo, Kunigunda?" alisema Emerensiana. "Habari za masikio?"

Watu wakageuka kutazama. Kunigunda alitengeneza kilemba.

"Nzuri, dada," alisema kwa sauti safi. "Nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu."

"Haya."

Kunigunda akapita. Akaenda hatua tatu, nne, wake wa makatekista wakaendelea na maongezi yao. Kisha, bila kugeuka na bila kusimama, Kunigunda aliinua mikono yote miwili juu ya kilemba chake, kama walivyozoea kuinua kule kinuni mashine inapokoboa, akanyoosha vidole vyote kumi, akaviacha juu hivyo mpaka njia ilipompeleka nyuma ya mibuni.